Dondoo muhimu: Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia

Tangu 2023, mfuko wa kilo 50 umeuzwa shilingi 2,500, kutoka 3,500 za mwaka 2022.

Usajili. Mkulima huandikishwa kwa chifu akiwa na kitambulisho. Ekari zilizoandikwa ndizo huamua idadi ya mifuko, hivyo shamba likipungua au kuongezeka, rekodi nayo irekebishwe mapema.

Simu. Vocha ya kununulia mbolea huja kwa ujumbe mfupi. Aliyebadilisha namba huikosa.

Ghala. Ghala la bodi ya nafaka na mazao (NCPB) la Kitale, ambako mbolea huchukuliwa, huwa na foleni mvua za masika zikikaribia. Anayewahi hupanda kwa wakati.

Risiti. Mbolea bandia ilipogunduliwa katika mpango wa ruzuku mwaka 2024, serikali iliahidi kuwafidia walioinunua. Mwenye risiti ana ushahidi mkononi.