Kofia ya Pili

Wengi wetu twapanda pikipiki. Kibaha twaifuata barabara kuu ya Morogoro pamoja na malori na mabasi. Upepo wa lori lipitalo karibu huweza kumyumbisha dereva. Kwenye njia za vumbi za Kisarawe hatari ni nyingine: mchanga, makorongo ya mvua, na mashimo yasiyoonekana.

Ganda la kofia ngumu husambaza kishindo, na sponji iliyo ndani hubonyea ili ubongo usipate pigo lote. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa karibu 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Lakini isipofungwa kidevuni, huchomoka. Koti zito, suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu huokoa ngozi. Kandambili haziokoi kitu.

Mara nyingi dereva amevaa kofia, abiria hana. Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza mwenye nyumba azungushie dari yake ukuta, asije mtu akaanguka. Basi dereva ni mwenye nyumba, abiria ni mgeni wake. Tununue kofia ya pili. Nasi abiria tuidai kabla ya kupanda, hata kama safari ni fupi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nani nyumbani mwetu hupanda bila kofia?
2. Watoto wetu waendao shule kwa pikipiki, huvaa nini kichwani?