Nenda dukani na ubao wako

Muuzaji mmoja wa Goma alinikazia macho kama mwizi nilipotoa kipande cha ubao mfukoni nikamwambia nataka kukikata kabla ya kulipa. "Papa, hapa tunauza mashine, hatukati mbao." Nikatoka. Mwenye duka la pili alicheka, akavuta waya wa umeme: "Kata, fundi, tuone." Huyo ndiye aliyekula pesa yangu.

Nilikuwa natafuta msumeno wa pembe wa bei nafuu, wa kukatia plinti (mbao za kuzungushia chini ya kuta) za nyumba ya mzee mmoja huku kwetu Ntoto. Habari za kuvaa miwani na kulinda vidole unazijua.

Kabla ya kununua, kwanza ni umeme. Huku tunategemea jenereta, na vile vijenereta vidogo vilivyoandikwa 950 hutoa kama wati 650 tu za kudumu. Msumeno wa wati 1400 utakizima kijenereta kama hicho kabla disiki haijashika mwendo, maana mota inapoanza huvuta mara mbili tatu ya kawaida yake. Ulizia jirani mwenye jenereta ya kilowati 3 au zaidi, ndipo uende dukani. Pili, disiki ya milimita 210 inatosha plinti ya sentimita 10 ukiilaza. Ile ya 255 ni nzito, na mzigo wenyewe utapanda pikipiki toka Sake hadi Masisi-centre, na huko mbele, hadi Ntoto, pengine utabebwa kichwani. Tatu ni leza, ambayo ni pambo la kupandishia bei.

Sasa kile kipande cha ubao. Kiwe kimepigwa randa, kingo zake mbili zilingane upana mwanzo hadi mwisho, na upana wenyewe usipungue sentimita 12. Weka msumeno kwenye sifuri, kata katikati. Kipande cha kushoto kiache kilivyo. Cha kulia kipindue, uso wa juu ulale chini, kisha visukume vyote kwenye ukuta wa mashine hadi vikutane. Vikishikana bila mwanya, msumeno ni mnyoofu. Ukiona mwanga umejichonga kama ncha ya kisu, huo mwanya ni kosa mara mbili: nusu digrii tu, kwenye ubao wa sentimita 12, inakufungulia milimita 2 hivi. Jicho haliwezi kukosa kuziona.

Mashine ya kwanza ilionyesha mwanga. Ya pili pia, na muuzaji akaanza kuapa kwamba ubao wangu ndio mbovu. Nikaugeuza ubao, nikakata upya, mwanga uleule. Kijana wake akaleta ufunguo wa pembe sita, akalegeza skrubu za ukuta, akagonga kidogo kwa kiganja, akakaza. Tukakata. Vikafunga kabisa! Wanunuzi wengine walishaacha shughuli zao, na mmoja akaniomba nimjaribie ya kwake.

Kuta za huku hazina digrii 90, kwa hiyo namba 45 ya mashine usiiamini kwenye kona. Simamisha kipande cha plinti kwenye kila ukuta, chora mstari sakafuni mbele yake, uvuke kona. Unganisha pale mistari inapokatana na kona yenyewe: hiyo ndiyo pembe ya kukata. Kwa mzee hakuna kona mbili zilizofanana.

Disiki inayokuja na mashine mara nyingi huwa na meno 24, inachana mbao. Omba ya meno 60 hapohapo dukani, wakati muuzaji bado anacheka.