Mapambo ya Bara Hindi: Urembo na Akiba

Wako watu wadhanio ya kuwa mapambo ya wanawake wa Bara Hindi ni urembo mtupu. Sivyo, ni akiba pia, na kila jimbo lina namna yake.

Katika mji wa Jaipur, jimbo la Rajasthan, masonara hujaza lakiri ndani ya kiunzi cha dhahabu, hupachika vito juu yake, kisha huvikaza kwa vipande vyembamba vya dhahabu safi. Huko Cuttack, jimbo la Odisha, hufuma pambo kwa nyuzi za fedha nyembamba mno. Katika Bengal, mwanamke wa Kihindu aliyeolewa huvaa bangili nyeupe zilizochongwa katika gamba la kome mkubwa wa baharini. Na kusini, katika Tamil Nadu, siku ya arusi bwana humfunga mkewe shingoni kidani kiitwacho thali.

Basi na tuangalie mambo mawili. Kwanza, pambo la Jaipur likiwekwa rehani, uzito wa lakiri na vito hauhesabiwi kuwa dhahabu. Anunuaye na aulize mapema: dhahabu yenyewe ni kiasi gani?

Pili, mali hiyo ni ya nani? Mwaka 1985 mahakama iliyo juu ya zote katika Bara Hindi iliamua ya kuwa mapambo aliyopewa bibi arusi ni yake mwenyewe. Mume akiyashika, ayashika kwa amana tu, na akikataa kuyarudisha aweza kushtakiwa. Mwaka huo huo serikali ilitoa kanuni kwamba zawadi za arusi ziandikwe orodha. Ni busara, maana mali isiyoandikwa huzaa ugomvi.