Nembo Mpya kwa Siagi ya Njugu

Swali: Nauza siagi ya njugu Ruiru na Thika, na wateja huijua kwa kifuniko chekundu. Je, nibadili nembo na chupa kwa pamoja?

Jibu: Ndugu yangu, kwa kuwa mnunuzi mwenye haraka huitambua rangi kabla ya kusoma herufi, wekundu huo uuhifadhi kama amana, uanze kwa kubadili maandishi tu. Nembo mpya, kabla hujaichapisha, iombee uchunguzi KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili nembo, isije ikafanana na ya mwingine. Usajili wake hudumu miaka 10, nao huhuishwa. Lakini lililo muhimu kwangu kuliko pambo lolote ni lebo ieleze bayana viambato, uzito halisi, tarehe na anwani, na hasa neno njugu lisomeke wazi, maana wako ambao njugu huwadhuru hata kufisha. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiitie bila idhini yake.