WATU WA SUFFA NA WANAOLALA KATIKA BARAZA ZETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alikuja msikitini kwetu kijana mmoja kutoka upande wa Sake. Alikuwa anamtafuta dada yake, mjane mwenye watoto wawili, ambaye watu walimwambia analala katika baraza ya madrasa yetu. Ni kweli alilala pale, zaidi ya siku kumi. Mke wa muadhini alimpa uji. Vijana wa madrasa walimpa shitingi ya kujifunika mvua. Mimi mwenyewe nilimpa franka za mkate mara mbili, mkononi, nikapita. Lakini kijana alipouliza dada yake amekwenda wapi, tulitazamana tu. Hata alipotaja jina lake, hakuna aliyesema ndiye huyo, maana sote tulikuwa tunamwita Mama wa Barazani. Tulimlisha siku zote zile na hatukujua jina lake.

Somo la leo nimeliandika kwa sababu ya kijana yule.

Sisi watu wa Goma tunajua vizuri maana ya kukosa makao. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Mimi usiku ule nililala Gisenyi, juu ya mkeka wa mtu nisiyemjua mpaka leo. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukatoka tena, ukafika Buhene, na siku tano baadaye kartie nyingi za mji zikaambiwa zihame. Tukatawanyika Sake, Minova, Bukavu na Rwanda, na watu wa huko wakatupokea.

Kisha vita. Tangu mwaka 2022 wahami walijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na kambi nyingine zinazozunguka mji. Maisha ya kambi yalikuwa magumu, lakini kambi ilikuwa na orodha. Mtu aliandikwa, na akikosekana aliulizwa. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi zile zikavunjwa katika majuma yaliyofuata. Wengi walirudi vijijini. Wengine walikuta nyumba haina mabati wala mlango, wakageuka. Hao sasa hawana kambi wala orodha. Wako ndani ya parseli zetu, katika baraza za maduka, katika chumba kimoja cha mbao familia mbili. Msaada upo kidogo kidogo, kila mtu anatoa chake kwa njia yake. Na mtu anaweza kupotea katikati ya wanaomsaidia, kama alivyopotea mama yule.

Sasa tutazame Madina. Baada ya kibla kugeuzwa kuelekea Makka, upande wa nyuma wa msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulibaki na kivuli chake, na hapo ndipo walipokaa masahaba wasio na nyumba, wasio na mali, wasio na ndugu mjini. Hao ndio Ahlu Suffa. Abu Hurayra (r.a.), ambaye alikuwa mmoja wao, amesimulia kwamba aliona sabini kati yao ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na shuka ya juu.

Tazameni jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoliendesha jambo lao. Ikija sadaka, aliipeleka kwao yote, yeye hagusi. Ikija zawadi, alikula pamoja nao. Usiku ukifika aliwagawa katika nyumba za watu: mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, mwenye cha wanne achukue wa tano au wa sita. Siku moja Abu Bakr (r.a.) alichukua watatu, na Mtume mwenyewe akachukua kumi. Kila mgeni alijua anakwenda kwa nani, na kila mwenye nyumba alijua amepewa nani. Hata binti yake Fatima (r.a.) alipoomba mtumishi, kwa kuwa mikono yake ilichubuka kwa kusaga, Mtume hakumpa wakati watu wa Suffa wana njaa.

Na kisa cha bakuli la maziwa mnakijua, lakini tukisikilize tena. Abu Hurayra alikuwa na njaa kali. Mtume akapata bakuli moja la maziwa, akamwambia: nenda ukaniitie watu wa Suffa. Abu Hurayra moyoni akaona uzito, maziwa haya yatawatosha watu wale wote? Akaenda, akawaita. Akapitisha bakuli kwa mmoja mpaka ashibe, kisha kwa mwingine, mpaka wa mwisho. Ndipo akanywa yeye, na Mtume akanywa baada ya wote. Sisi hupenda kusimulia baraka ya maziwa, na ni haki. Lakini kabla ya baraka kulikuwa na mtu mmoja anayewajua watu wale, walipo na walivyo, anayeweza kutumwa kuwaita. Sisi tungeagizwa kumwita Mama wa Barazani, tungemwita kwa jina gani?

Wako wanaosema msikiti si mahali pa kulala, tena mwanamke. Katika Bukhari kuna habari ya mwanamke mweusi aliyeachwa huru. Alisingiziwa na watu wake kuiba mkanda mwekundu, kumbe ulichukuliwa na mwewe. Akawaacha, akaja kwa Mtume, akasilimu, na akawa na hema lake dogo ndani ya msikiti. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akizungumza naye, na sisi kisa chake tumekipata kwa Bibi Aisha. Adabu na usafi tutalinda, na akina mama watakuwa na sehemu yao yenye mlango. Kuwafukuza hakuna.

Tumekubaliana na wazee kuwe na daftari moja. Ndani yake: jina, alikotoka, roho ngapi, analala wapi usiku huu, nani amempokea na mpaka lini, na nani atampeleka kituo cha afya akiugua. Kabila hatuandiki. Dini pia hatuandiki. Zaka ina watu wake, nayo itagawiwa kwa hukumu yake, lakini sadaka ni ya kila mwenye njaa. Daftari litakaa kwa katibu na kwa mama mmoja aliyechaguliwa na akina mama, maana yapo mambo mwanamke hawezi kumwambia mwanamume. Halitasomwa hadharani. Katika Surat al-Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anataja masikini ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa sababu hawaombi. Mtu wa namna hiyo akisikia jina lake katika kipaza sauti hatarudi tena.

Mwenye kupokea mgeni amjulishe shefu wa avenyu siku ileile. Katika nyakati hizi mgeni asiyejulikana anaweza kumletea mwenyeji matata, naye akapata matata zaidi. Na kila Jumamosi katibu atakutana na watu wa parokia jirani, ambao nao wana wageni wao, walinganishe. Kuna familia zinazopata mchele huku na kule, na nyingine hazipati popote. Sina hasira na waliopata mara mbili. Njaa inafundisha hivyo, na kosa ni letu tuliogawa mlangoni, mwenye nguvu akatangulia.

Mtu atauliza: na waongo? Wapo. Shefu wa avenyu na majirani watatusaidia kuwajua. Lakini mimi heri nidanganywe na mmoja kuliko kumrudisha mkweli nje kwenye mvua.

Jambo lingine. Si kila asiye na nyumba anakosa chakula. Wengi wanakosa garanti tu. Mwenye nyumba anataka miezi kadhaa kwa mara moja, na mtu anayepata riziki ya siku hawezi. Yupo baba mmoja hapa ambaye chukudu yake imevunjika gurudumu. Ikitengenezwa atabeba mizigo na kulipa chumba mwenyewe. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipofika Madina hana kitu, ndugu yake Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akasema amwonyeshe soko. Basi tuwaulize watu wanahitaji nini kabla ya kuwapa.

Daftari litafunguliwa kesho Jumamosi baada ya Alasiri, katika chumba cha madrasa. Mwenye nafasi hata ya mtu mmoja, mwenye godoro, fundi wa mbao na fundi wa chukudu, wamwone katibu.

Kijana wa Sake aliacha namba yake kwa muadhini. Jina la dada yake ndilo la kwanza katika daftari. Mahali palipoandikwa "analala wapi" bado pako wazi. Mwenye kumwona amwambie muadhini, usiku au mchana.

Wabillahi tawfiq.