SOMO: MBOLEA YA NITRETI NA MAJIRANI ZAKE GHALANI



Msimu wa pembejeo unapowadia, maghala ya vyama vyetu vya msingi hujaa kwa muda wa siku chache tu. Lori hufika jioni, wapagazi hushusha mifuko, karani huhesabu, na akili ya Katibu yote huwa kwenye hati ya kupokelea mzigo na mifuko iliyopasuka njiani. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: je, mzigo huu utalala karibu na nini? Somo letu la safari hii linahusu swali hilo. Tutazungumzia mbolea zenye nitreti ya amonia, hatari yake imepangwa katika daraja gani, na jinsi ya kuzitunza zisije zikaleta msiba mahali palipokusudiwa kuleta mavuno.

Moto na mafiga yake

Kila mtu aliyewahi kuinjika chungu anajua kwamba hakikai juu ya mafiga mawili. Moto nao una mafiga matatu: kitu cha kuungua, joto la kukiwasha, na oksijeni, ambayo kwa kawaida hutoka katika hewa. Ndiyo maana mtu aliyeshikwa na moto nguoni hufunikwa blanketi, na kikaango kinachowaka hufunikwa kifuniko. Hewa ikizuiwa, figa moja limeondoka na moto unaanguka.

Nitreti ya amonia, ambayo ndiyo kiini cha mbolea za AN na CAN, huivunja kanuni hiyo. Yenyewe si kitu cha kuungua; kwa sababu hiyo watu wengi huiona kama chumvi au chokaa. Lakini ndani yake imebeba hewa yake ya moto. Katika kila kilo 100 za nitreti safi ya amonia, kilo 35 ni naitrojeni ile tuitakayo kwa ajili ya mahindi, kilo 5 ni haidrojeni, na kilo zote 60 zilizosalia ni oksijeni. Ikipashwa joto huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi za Sentigredi, na ikifika kiasi cha nyuzi 210 huvunjika kwa kasi na kutoa gesi nyingi. Pakiwa na kitu cha kuungua karibu yake, kitu hicho hulishwa oksijeni hata kama milango na madirisha yote yamefungwa. Wataalamu hukiita kitu cha namna hiyo kioksidishaji. Kwa lugha ya jikoni tungesema ni mpuliza moto asiyechoka.

Iwapo moto huo unakua mahali palipobanwa, au mbolea imechanganyika na mafuta, salfa au takataka nyingine zinazoungua, mambo huweza kuvuka mpaka wa kuungua na kuwa mlipuko.

Daraja na alama zake

Kwa ajili ya usafirishaji, Umoja wa Mataifa umezipanga bidhaa za hatari katika madaraja tisa. Vioksidishaji vimo katika daraja la 5, fungu la kwanza, yaani 5.1. Alama yake ni mraba wa rangi ya manjano uliosimama juu ya pembe yake, wenye mchoro mweusi wa mwali wa moto juu ya duara, na chini kabisa tarakimu 5.1. Katika mpango mpya zaidi wa alama za kemikali, mchoro ni huo huo, ila mraba ni mweupe wenye mpaka mwekundu. Mtunza ghala asichanganye mwali uliokaa juu ya duara na mwali mtupu usio na duara. Mwali mtupu unasema, “Mimi nawaka.” Wenye duara unasema, “Mimi nawasha wengine.”

Nitreti ya amonia iliyo karibu safi huandikwa UN 1942, na mbolea zilizotengenezwa kwa nitreti hiyo nyingi huandikwa UN 2067. Mbolea ya CAN iliyozoeleka katika vyama vyetu, yenye naitrojeni asilimia 26 au 27, imechanganywa na unga wa chokaa. Ikiwa nitreti ndani yake haizidi asilimia 80, kanuni hizo haziiweki katika daraja la 5.1, na huenda mfuko wake ukafika bila alama yoyote ya manjano. Hilo lisimpe mtu usingizi mzito. Chokaa imeipunguza makali, haikuiondolea tabia. Nayo nitreti ni nitreti, ikikutana na mafuta na moto. Urea na SA si vioksidishaji. Hata hivyo urea isipangwe pamoja na AN au CAN, kwani mifuko ikipasuka na chembe zikachanganyika, mchanganyiko huo huvuta maji hata katika hewa ambayo kila mbolea peke yake ingeistahimili, ukawa uji usiofaa shambani wala ghalani.

Vyama vinavyotia dawa katika matangi ya maji vifahamu pia kwamba klorini ya unga imo katika daraja hilo hilo la 5.1. Isikae na mbolea wala na mafuta. Ikigusana na grisi yaweza kuwaka pasipo kiberiti, na ikichanganyika na mbolea za amonia au urea huleta gesi za sumu na vitu viwezavyo kulipuka.

Yaliyotokea kwingine

Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City nchini Marekani, moshi ulionekana asubuhi ndani ya meli iliyoitwa Grandcamp, iliyopakia tani zipatazo 2,100 za nitreti ya amonia katika mifuko ya karatasi. Maji mengi hayakutumiwa, kwa kuchelea kuuharibu mzigo. Amri ilitolewa milango ya shehena ifungwe na mvuke uingizwe ili moto ukose hewa. Msomaji aliyefuata maelezo ya mafiga ameshaliona kosa. Moto ule haukuhitaji hewa ya nje, na kuufungia kulizidisha joto na mbano. Saa tatu na dakika kumi na mbili meli ililipuka. Watu wasiopungua 581 walikufa, wakiwamo karibu wazima moto wote wa mji huo. Mifuko iliyoogopewa kulowa haikubaki hata mmoja.

Mfano unaotukaribia zaidi kwa ukubwa ni wa mji mdogo wa West, katika jimbo hilo hilo la Texas, tarehe 17 Aprili 2013. Hapo palikuwa na ghala la kuwauzia wakulima pembejeo, kama yalivyo yetu. Jengo lilikuwa la mbao, mbolea ilihifadhiwa katika vizimba vya mbao, na mbegu zilikuwa chini ya paa hilo hilo. Tangu taarifa ya moto hadi mlipuko zilipita dakika zipatazo 20 tu. Watu 15 walikufa, na wengi wao walikuwa wametoka majumbani kwao kwenda kusaidia kuzima.

Wengi wanaukumbuka mlipuko wa Beirut, Lebanon, wa tarehe 4 Agosti 2020, uliotokana na tani 2,750 za nitreti na kuua watu zaidi ya 200. Si wote wajuao kwamba mzigo ule ulikuwa safarini kwenda bandari ya Beira, Msumbiji, katika pwani yetu hii. Meli ilikwama Beirut mwaka 2013, mzigo ukashushwa mwaka uliofuata, ukakaa ghalani miaka mingi huku barua zikipelekwa na kurudishwa. Humo humo mlikuwamo pia fataki. Mzigo usio na mwenyewe ni hatari ya pekee, na katika vyama vyetu mifuko ya msimu wa mwaka juzi, iliyoganda na kusahaulika pembeni, ndiyo mzigo wa namna hiyo.

Jirani mbaya

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuingia katika ghala la chama kimoja cha wakulima wa korosho na mahindi, ambacho hakuna haja ya kukitaja. Mifuko ya CAN ilikuwa imepangwa vizuri juu ya chaga. Kando yake, kwa umbali wa hatua mbili, palikuwa na mifuko ya salfa ya unga ya kupulizia ubwiriunga wa mikorosho, na kwenye kona pipa la dizeli la trekta likiwa na bomba la mkono lililokuwa likidondosha tone baada ya tone. Maranda yalikuwa yametandazwa chini ili kuyanyonya mafuta. Mwandishi alipouliza, Katibu alijibu kwa upole: “Ndugu yangu, dizeli imeibwa mara mbili. Chumba chenye kufuli mbili ni hiki tu.”

Jibu hilo lastahili heshima. Katibu hakuwa mzembe. Alikuwa analinda mali ya wanachama kwa kadiri alivyofahamu. Lakini katika kulikimbia shauri la wizi alikuwa amekusanya chini ya paa moja kitu cha kuungua, kitu cha kuwasha, na kioksidishaji cha kuvilisha vyote viwili. Salfa ni ya daraja la 4, la vitu vigumu viwakavyo kwa urahisi, na ikichanganyika na nitreti hufanya mchanganyiko mkali sana. Dizeli iliyonywewa na chembe za nitreti ni jambo baya zaidi, kwani mchanganyiko wa namna hiyo ndio utumiwao migodini kupasulia miamba.

Kamati ya chama kile ilikutana, na dawa iliyopatikana haikuwa ya gharama kubwa. Pipa lilijengewa kizimba cha wavu wa chuma chenye kufuli na paa la bati, mbali na ghala na upande wa bondeni, ili mafuta yakivuja yasitiririkie kwenye mbolea. Salfa ilihamishiwa chumba kingine chenye ukuta wa matofali. Maranda yalifagiliwa yakatolewa, kwani maranda, pumba, makapi ya kahawa na pamba havifai kamwe kunyonyea chochote karibu na nitreti. Mafuta yaliyomwagika hunyonywa kwa mchanga mkavu.

Mengine ni ya kawaida na hayana haja ya maneno mengi: mifuko isiguse ukuta, kuwe na nafasi ya mita moja ya kupita, taa ya umeme isining'inie juu ya mifuko, kandili na sigara visiingie, na fundi wa kuchomelea asifanye kazi humo hata akidai ni ya dakika tano. Mbolea iliyomwagika izolewe siku hiyo hiyo. Ikiwa imechanganyika na mafuta au takataka, isirudishwe kwenye rundo. Itolewe nje, itengwe, na bwana shamba aulizwe la kufanya. Mifuko mitupu yenye mabaki ya nitreti huwaka kwa ukali, basi isirundikwe ghalani, wala isitumiwe kuwekea nafaka. Mbolea iliyoganda ivunjwe kwa nyundo ya mti. Huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1921, rundo lililoganda lilizoea kulegezwa kwa baruti, na mazoea hayo yaliendelea bila madhara hadi siku yalipoua watu zaidi ya 500.

Moto ukizuka

Moto ukiwa mdogo na haujaifikia mbolea, uzimwe mara moja kwa maji mengi. Milango na madirisha yafunguliwe ili joto na gesi vitoke. Kuifunika mbolea kwa mchanga au turubai, au kuipulizia unga wa mtungi wa kuzimia moto, ni kurudia kosa la Grandcamp. Mfuko kulowa si hasara ya kulinganishwa na uhai wa mtu.

Moto ukishaifikia mbolea, au ukionekana moshi wa rangi ya kahawia, kazi ya wanachama ya kuzima imekwisha. Watu wote waondoke, majirani na watoto wa shule wahamishwe kuelekea upande utokako upepo, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe; hapa Tanzania namba yake ni 114. Jambo la kwanza waambiwe ni kilichomo ndani na mifuko mingapi. Aliyevuta moshi wa kahawia apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, kwa kuwa gesi hiyo huweza kuyajaza mapafu maji baada ya saa nyingi, mtu akiwa tayari amelala nyumbani kwake.

Maswali ya kikundi cha masomo

1. Tembeleeni ghala lenu pamoja na mtunza ghala. Andikeni kila kilichomo ndani ya hatua kumi kutoka kwenye mbolea. Ni vipi kati ya hivyo vinaungua?

2. Chama kina mifuko 240 ya mbolea ya AN, kila mmoja wa kilo 50. Ikichukuliwa kuwa ni nitreti safi, ni tani ngapi za oksijeni zimelala ghalani?

3. Leja ya ghala huonyesha idadi ya mifuko na bei yake. Ni nani katika chama chenu, Katibu asipokuwapo usiku, anayeweza kuwaambia wazima moto idadi hiyo, na leja yenyewe hufungiwa wapi?