Kahawa ya Kutafuna na Kahawa ya Kuuza: Historia ya Mbuni Katika Kibanja cha Mhaya

Mgeni anayeshuka katika stendi ya Bukoba hukutana mapema na vifurushi vidogo vya kahawa iliyokauka, ambayo wenyeji huitafuna badala ya kuinywa. Kwa Kihaya huitwa akamwani, na mti wake ni omwani; wasomaji wa pwani wasiuchanganye na mwani wa baharini. Desturi hii ni kongwe kuliko biashara ya kahawa tuijuayo leo, na haikuletwa na Mzungu wala Mwarabu. Mbuni wa robusta ni mti wa asili wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria.

Utayarishaji wake hutofautiana na ule wa kahawa ya soko. Matunda huchumwa kabla hayajaiva kabisa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa juani au kwa moshi. Mwenye nyumba humkaribisha mgeni kwa kumpa punje chache, na kutofanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kumnyima heshima. Tena, tunda moja la kahawa hubeba punje mbili zilizolaliana. Kwa sababu hiyo, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walipaka punje hizo damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Undugu huo uliitwa omukago, nao uliwafunga kama waliozaliwa tumbo moja.

Zamani za Abakama, upandaji wa mibuni haukuwa huru. Watawala walidhibiti zao hili, kwa kuwa kahawa iliyokaushwa ilikuwa bidhaa ya thamani iliyosafirishwa hadi Buganda na kwingineko. Mambo yalibadilika baada ya Wajerumani kuweka kituo Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, shehena ziliweza kuvuka ziwa kwa meli na kufika bandari ya Mombasa. Wakulima wa kawaida wakahimizwa kupanda, na mbuni ukaenea chini ya migomba katika kila kibanja. Waingereza waliofuata waliweka kanuni nyingi za utunzaji wa mashamba, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga hadharani. Kiini cha manung'uniko hayo kilikuwa ni swali la nani mwenye sauti juu ya kahawa ya mkulima. Mwaka 1950 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, BNCU, ambacho ndicho chimbuko la KCU ya leo. Ushirika ulivunjwa nchini mwaka 1976, ukarejeshwa katika miaka ya 1980.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1997, ulipothibitishwa mkoani Kagera ugonjwa wa mnyauko wa mibuni. Kuvu wake huingia kupitia majeraha ya shina, mara nyingi yale yanayosababishwa na jembe au panga wakati wa palizi, na mti ukishaambukizwa haupones­hwi kwa dawa. Hung'olewa na kuchomwa moto palepale ulipo. Kuuburuta kwenda kuni ni kuusambaza ugonjwa shambani mwote. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Maruku kimezalisha aina za robusta zenye ukinzani, na miche hiyo ndiyo inayofaa kuzibia mapengo.

Lipo, hata hivyo, gonjwa jingine lisilo la kuvu: butura. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni takriban miezi kumi, na katika miezi hiyo ada ya shule au matibabu havisubiri. Mkulima huuza kahawa ikingali maua, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Msimu unapofika, magunia yanakwenda kwa aliyekopesha, hata kama bei imepanda maradufu. Mwenye deni huchuma pia matunda mabichi ili alipe haraka, na hapo ndipo ubora wa kahawa ya jirani zake wote unaposhushwa ghalani. Kuchuma mabichi ni sahihi kwa akamwani peke yake. Kahawa ya kuuza huchumwa ikiwa nyekundu, ikaanikwa kwenye vichanja au majamvi, si juu ya udongo.

Butura imepigwa marufuku. Kahawa hupelekwa katika chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, na kuuzwa kwa mnada. Marufuku peke yake haijazi mfuko wa mzazi mwezi Januari, na ukweli huo hatuna budi kuukubali. Mkazi aliyekwisha kuingia katika mkataba wa namna hiyo, au anayeshawishiwa kuuingia, afike ofisi ya mtendaji wa kata au kwa afisa ushirika wa Halmashauri kabla ya msimu kufunguliwa, akiwa na karatasi yoyote aliyotia sahihi. Wanaohitaji miche wamwone afisa kilimo wa kata mapema, ili mashimo yawe tayari kabla ya mvua.